Mayu aliinua mkono mara tatu

Dakika ya 17 ya sauti iliyorekodiwa kikaoni kwetu anasikika mama mmoja akisema, "Mwenyekiti, mimi nina neno." Yuko mbali na simu, nyuma ya upepo wa ziwani na kuku wa mtu. Halafu inaingia sauti ya karibu, ya haraka, ya mtu aliyezoea kusikilizwa: "Nitakufikia, mayu." Mayu ni Kisukuma, yaani mama.

Dakika ya 24 anarudi. "Mwenyekiti."

"Subiri kidogo mayu, tumalize hili la bei ya nguzo."

Dakika ya 51: "Mimi lile neno langu..." Na ile sauti ya karibu inamkata, tena kwa upole ambao siku zote nimeuhesabu kuwa adabu: "Mayu, nadhani hoja imeeleweka. Tupige kura, jua linazama."

Hiyo sauti ya karibu ni yangu.

Niliisikia mara ya kwanza nikiwa kwenye daladala kutoka Igombe kuja Mwanza mjini. Mweka hazina wa kikundi chetu cha waanika dagaa alikuwa amerekodi kikao kwa ajili ya mwenzetu aliyekuwa anauguza mtoto hospitali ya Bugando, akanitumia mimi nimfikishie. Niliifungua tu nihakikishe inasikika. Tukapita uwanja wa ndege nasikiliza, tukapita Pasiansi nasikiliza. Kirumba nikashuka, nikasimama pembeni ya barabara katikati ya kelele za bodaboda, nikazirudia zile sehemu tatu.

Ni wiki nyingi sasa, na jambo hili halijanitoka.

Kikao cha mbalamwezi

Sisi tunaoanika dagaa hatupangi vikao kwa kalenda ya ukutani. Tunafuata mwezi. Wakati wa giza mitumbwi inatoka kila jioni na taa zake, alfajiri dagaa wanashushwa, na hakuna mwenye nafasi ya kukaa mkekani kubishana. Mbalamwezi ikiingia, taa hazivuti kitu tena, mitumbwi inapandishwa mchangani, watu wanashona nyavu, na sisi ndio tunakutana.

Mwezi ule mwenyekiti wetu alikuwa na msiba Ukerewe. Mimi ni katibu. Nilichukua nafasi ya mama kwenye kikundi magoti yalipomshinda. Na hoja kubwa ya siku hiyo ilikuwa yangu: tuache kuanika mchangani, tuchange, tujenge vichanja.

Wakasema, "Mwalimu, si wewe mwenye jambo? Basi ongoza." Nikachukua daftari. Kwetu mwenye daftari ndiye mwenye kiti, hatuna kengele wala rungu la kugonga.

Sikuona tatizo lolote. Nani aliijua hoja ile kunishinda? Nilikuwa nimeibeba tangu msimu wa mvua. Nilijua bei ya nguzo, bei ya wavu wa juu, na fundi nilikuwa nimeshazungumza naye. Halafu jambo lenyewe ni la haki. Dagaa wa mchangani wana mchanga, na mnunuzi akiwachota kiganjani akawapuliza, anaujua hapohapo na bei inashuka. Mvua ikipiga ghafla wanageuka tope. Waliooza wanaishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Kichanja kinapitisha hewa juu na chini, na mvua ikija unafunika turubai. Hayo yote niliyasema siku ile na bado nayaamini, neno kwa neno.

Hapo ndipo panaponiuma. Ningekuwa nimesukuma jambo bovu, ningekiri kosa, nikaomba radhi, yakaisha. Lakini jambo lilikuwa zuri. Kura zilipita. Vichanja vimesimama.

Kitu gani basi kilinisimamisha barabarani Kirumba?

Kalamu nyekundu

Jumamosi iliyofuata nilikaa na daftari la mihutasari, kalamu nyekundu na ile sauti. Kikao chote kilichukua saa 1 na dakika 4. Nikaanza kuhesabu, kama ninavyojumlisha alama za wanafunzi, kila anayeongea na muda wake.

Mimi peke yangu niliongea dakika 29.

Waliokuwa upande wangu, watu wanne, walipata dakika 19 kwa pamoja. Waliokuwa na swali au shaka, watu saba, waligawana dakika 9. Zilizobaki ni salamu, sala ya kufungulia na kuhesabu mikono.

Nikarudia kusikiliza nikitafuta mahali nilipomwambia mtu anyamaze. Sikupata. Kwa masikio ya kawaida kile ni kikao kizuri, mwenyekiti mchangamfu, anaita watu kwa heshima zao, mama fulani, shangazi, mdogo wangu. Ila aliyeniunga mkono nilimwambia, "Hebu fafanua hapo," nikamwacha aendelee. Aliyeuliza nilimjibu mimi, papo hapo, mara nyingine kabla hajafika mwisho wa swali. Kila swali lilipita mkononi mwangu na kurudi kwa mwenyewe likiwa na jibu langu. Hakuna mjumbe aliyemjibu mjumbe mwenzake. Watu 23 kwenye mikeka, na kila mmoja alikuwa anabishana na mwenye daftari.

Halafu nikafungua muhtasari nilioandika mwenyewe usiku ule. Waliounga mkono nimewaandika kwa maneno yao, mistari mitatu mitatu. Waliouliza wako kwenye mstari mmoja: "Wajumbe wengine walichangia." Mayu hayumo kabisa.

Mtu akija miaka kumi mbele akasoma lile daftari, atasema siku ile wote tulikuwa kitu kimoja.

Ngozi

Tangu nikiwa mtoto naijua methali ya kila mwamba ngoma kuivuta ngozi kwake. Nimeifundisha darasani mara nyingi, na nimekuwa nikiifundisha kama habari ya watu wabinafsi: jihadharini na mtu wa namna hiyo.

Sasa naiona tofauti. Mwamba ngoma hana nia mbaya. Yeye amesimama upande mmoja wa mzinga, na ngozi haiwezi kukaza bila kuvutwa. Akivuta, atavuta kuelekea aliposimama. Hata akiwa mtu mwema kuliko wote kijijini, mikono yake inajua upande mmoja tu. Ndiyo sababu ngoma huwambwa na watu wanaozunguka, huyu anavuta huku, yule anavuta kule.

Nilikwenda Bujora miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa sita, wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma. Walioenda wanajua: kundi la Bagika upande huu, la Bagalu upande ule, wanapiga na kucheza kwa wakati mmoja, na kila kundi linatumia kila mbinu kuwavuta watazamaji. Umati ndio unaoamua. Watu wanahama kwa miguu yao, wanakwenda kuliko na utamu. Siku ile nilihama mara mbili mwenyewe, nikikanyagana na wenzangu kwenye vumbi. Manju anaweza kufanya lolote ndani ya uwanja wake, lakini hashiki miguu ya watu.

Siku ya kikao chetu mimi nilipiga ngoma, na miguu ya watu nikaishika.

Neno lenyewe

Ilinichukua siku tisa kwenda kwa mayu. Nasema wazi kwamba nilikuwa naogopa. Nilijiambia nina mitihani ya kusahihisha, na mitihani kweli ilikuwepo.

Nilimkuta ufukweni saa tano asubuhi. Siku za giza la mwezi zilikuwa zimeshaanza, kazi imepamba moto, vichanja vyetu vipya vimejaa dagaa wanaong'aa kama vipande vya bati. Yeye alikuwa na ufito mrefu, amefunga kitambaa mwishoni, anasukuma kitu katikati ya kichanja.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Mwalimu, leo shule hakuna?"

"Ipo, nina nafasi kidogo. Mayu, siku ile ya kikao ulikuwa na neno."

Hakuacha kusukuma. "Lilikuwa dogo."

"Naomba unipe hata sasa."

"Sasa litafanya kazi gani? Vichanja si vimeshasimama."

Nikanyamaza. Nikaona ninyamaze kwelikweli, nisijaze kimya kile kwa maneno ya mwalimu. Akasukuma mpaka mwisho wa kichanja, akaegemeza ufito, akanishika mkono akanisogeza mpaka tumbo langu likagusa mti wa pembeni. "Nyoosha," akasema. Nikanyoosha. "Geuza wale wa katikati." Vidole vyangu viliishia kwenye dagaa ambao bado walikuwa mbali na katikati. Akanizungusha upande wa pili, nikanyoosha tena. Ni vilevile. Kuna ukanda katikati ya kila kichanja, kama sentimita 60, ambao mkono wa mtu haufiki kutoka upande wowote. Fundi aliniuliza upana, nikamwambia mita 2, kwa sababu nilipiga hesabu ya dagaa wengi kwa nguzo chache.

"Nilipoolewa mara ya kwanza tulikuwa Musoma," akasema. "Tulianika kwenye vichanja kule. Wazee wa kule wanapima hivi: wewe simama huku, mwenzako asimame kule, mnyooshe mikono, vidole vigusane. Hapo ndipo upana unapoishia. Mimi nilitaka kusema, jambo la mwalimu ni zuri, naliunga mkono, ila upana usizidi mikono miwili."

Akachukua dagaa wachache kwa ufito kutoka katikati, akawavuta mpaka pembeni, akanipa ninuse. Wa pembeni walikuwa wakavu, ukiwavunja wanalia. Wa katikati walikuwa na unyevu kwenye tumbo, na harufu ile ambayo mnunuzi wa soko la Kirumba hahitaji kuelezwa.

"Naliunga mkono." Hilo ndilo lililonipiga kuliko harufu.

Maana mwaka uliotangulia mayu alipinga kupandisha kiwango cha hisa, akapinga kwa nguvu, na tangu hapo kichwani mwangu nilikuwa nimemweka kwenye orodha ya wapinzani. Siku ile alipoinua mkono sikuona mtu mwenye neno. Niliona pingamizi linakuja, nikaanza kulikwepa. Mleta hoja akiwa kitini anawagawa watu mafungu mawili, wa kuunga na wa kupinga. Mtu mwenye "ndiyo, ila" hana pa kukaa. Na kwenye kazi yoyote ya mikono, kwenye uanikaji, kwenye ujenzi, kwenye ulezi, karibu kila kitu cha maana kinasemwa na mtu wa "ndiyo, ila".

Baba mdogo aliyenyamaza

Ningeweza kuishia hapo na kusema mleta hoja asikae kitini, basi. Nilikaribia kuandika hivyo wiki ile ile. Kilichonizuia ni kumbukumbu ya nyumbani Magu.

Baba mdogo wangu mmoja aliitisha kikao cha ukoo kuhusu kiwanja cha babu. Yeye ndiye aliyeleta wazo la kuuza. Kwa kutaka kuonekana hana upendeleo, akamwomba shangazi mkubwa aongoze, akasema, "Mimi nimeshaleta, jadilini wenyewe," akaketi pembeni ya mlango, akainamisha kichwa. Shangazi aliongoza vizuri sana. Kila aliyeinua mkono alipewa nafasi, mpaka wajukuu. Lakini mtu akiuliza mnunuzi ni nani, bei gani, pesa zitagawiwaje, wote wanamgeukia baba mdogo, na baba mdogo anasema, "Nyie semeni, mimi nawasikiliza."

Basi watu wakaanza kujadili wasichokijua. Mmoja akakisia bei, mwingine akakasirikia bei ya kukisia. Akatajwa ng'ombe aliyechukuliwa miaka mingi nyuma. Akatajwa aliyekuja msibani amechelewa. Kikao kilianza saa nne asubuhi, saa tisa watu bado wanaongea na kiwanja kimeshasahaulika. Mpaka leo baba zangu wawili hawakai kwenye mkeka mmoja.

Pale mwenyekiti alikuwa wa haki kabisa. Kilichokosekana ni mwenye jambo. Aliyewasha jiko alitoka jikoni, na chungu kikaungua mbele ya watu ishirini.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mtu akishaleta jambo amelikabidhi kwa watu na amemaliza. Hajamaliza. Ana deni. Awepo, aulizwe, ajibu anachokijua na kukubali asichokijua, avumilie jambo lake likipigwa na kugeuzwa. Akiona watu wanabishana juu ya kitu ambacho yeye angekinyoosha kwa sentensi moja, hana haki ya kukaa kimya na kukiita kimya hicho unyenyekevu.

Ila deni hilo si sawa na kushika daftari. Nimechukua muda mrefu kuyatenganisha haya mawili, kwa sababu kwangu yalikuwa jambo moja.

Mhandisi aliyeaibika kanisani

Nikaanza kusoma, maana ndivyo ninavyofanya nikikwama. Nikakutana na habari ya Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani. Mwaka 1863, huko New Bedford, jimbo la Massachusetts, aliombwa ghafla kuongoza mkutano kanisani. Hakujua mkutano unaongozwaje. Ulimshinda mbele ya watu, na aibu ile ikamfanya aanze kukusanya kanuni za vikao. Mwaka 1876 akazitoa kama kitabu ambacho vyama na mabaraza mengi ya Marekani yanakitumia hadi leo.

Nilimpenda kwa sababu ya ile aibu. Kanuni nzuri imetoka kwa mtu aliyetoka kikaoni na uso umempasha moto.

Kanuni yenyewe inasema hivi: mwenyekiti akitaka kuchangia kwenye jambo lililo mezani, aachie kiti, ampe mwingine, na asirudi mpaka jambo lile liishe. Asirudi katikati. Niliposoma hapo nilisimama, maana niliwahi kuona watu wakifanya nusu yake, "naomba nivue kofia ya uenyekiti kidogo," wanachangia dakika kumi, wanavaa tena na kuhitimisha. Hata mimi nimewahi kuivua hiyo kofia. Nafikiri ukishaivua, waliokuona kichwa wazi wanajua umesimama wapi, na ukiivaa tena unakuwa unawaongoza kutoka hapo.

Lakini Robert huyohuyo aliacha mlango kwa vikao vidogo. Kwenye bodi ya watu dazeni moja hivi, mwenyekiti anaruhusiwa kuleta hoja na kuijadili bila kuondoka kitini. Hili lilinisumbua. Siku ile tulikuwa 23. Je, ni wengi au wachache? Kwenye familia ya watu sita, mama akileta jambo la ada ya shule, nani mwingine ataliongoza? Ingekuwa ajabu kumwita jirani. Nadhani wanapokuwa wachache, uso wa kila mtu unaonekana. Mayu akifungua mdomo na kuufunga, utaona. Mkeka ukiongezeka wa pili na wa tatu, wale wa mwisho wanabaki kuwa mikono tu. Na mikono huwezi kuisoma.

Kuna na kesi moja ya Uingereza ambayo naiandika kwa ufupi. Mwaka 1852 Baraza la Malordi lilitengua maamuzi ya Lord Cottenham, aliyekuwa jaji wa ngazi ya juu kabisa, kwa sababu aliamua kesi ya kampuni ya mfereji huku akiwa na hisa ndani yake. Hakuna aliyemtuhumu kwamba aliipindisha hukumu kwa ajili ya hisa zake. Walikubali kuwa ni mtu mwadilifu, na bado wakasema hapana, asingepaswa kuikalia.

Nimelisoma hilo mara nyingi. Miaka yote nimekuwa nikijitetea kwa uadilifu wangu. Nikiulizwa kwa nini niliongoza hoja yangu mwenyewe, jibu langu lilikuwa: nyie mnanijua. Na kweli wananijua. Ila kujulikana kwangu hakukumrudishia mayu zile dakika zake.

Na nimeanza kuona jambo hili kila mahali. Kwenye mikutano ya mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, nimemwona mwenye mitumbwi akiongoza mjadala wa nyavu haramu. Kwenye kamati ya harusi, aliyependekeza ukumbi ndiye anaongoza mjadala wa ukumbi. Hata darasani: ninauliza swali, ninachagua mkono wa kujibu, ninasema nani kapata. Darasani labda sina budi. Lakini sasa nahesabu mikono ninayoipita.

Upande wa chini wa mkeka

Mbalamwezi iliyofuata mwenyekiti alikuwa amerudi, ila aliomba apumzishwe mpaka arobaini ipite. Nikaleta jambo jipya, linalotokana na lile la kwanza: vichanja vipunguzwe upana, tuchange tena kidogo kwa ajili ya fundi. Nikasema mbele ya wote kwamba kosa la upana lilikuwa langu, na kwamba mayu alitaka kulizuia. Halafu nikasema siongozi.

Kukawa kimya. Mama mmoja akaniambia, "Mwalimu, usituchoshe, shika daftari." Nilielewa. Kuongoza ni kazi, na watu waliotoka kubeba ndoo tangu alfajiri hawatafuti kazi nyingine. Nusura nilichukue. Nimeandika "nusura" kwa uaminifu: mkono ulishaanza kwenda.

Akalichukua mdogo wetu kuliko wote, binti ambaye hajatimiza mwaka kwenye kikundi. Sauti ilimtetemeka. Hakujua aanze na nani, akaanza na waliokaa nyuma.

Nikakaa upande wa chini wa mkeka, karibu na maji, na kwa mara ya kwanza kwenye kikundi kile nikainua mkono nikasubiri.

Sikuwa najua kuinua mkono kunachosha hivyo. Bega linaanza kuuma. Unajiuliza kama ameuona. Unaushusha kidogo, unauinua tena, unaona haya. Wakati huo huo jambo ulilotaka kulijibu limeshapita, limekuja la pili, na neno lako ambalo lilikuwa moto linapoa mdomoni. Niliposubiri mpaka nikapewa, nusu ya niliyotaka kusema nilikuwa nimeyasahau, na nusu nyingine ilikuwa imeshasemwa na mtu mwingine, vizuri kuliko ambavyo ningeisema.

Mayu alisubiri hivyo mara tatu.

Kulikuwa na wakati niliona wanapotea. Mmoja alisema nguzo zikikatwa kichanja kitaanguka, na mimi nilijua si kweli, fundi alishanieleza. Nikaomba nafasi, binti akanipa, nikasema sentensi mbili, nikakaa. Mtu mmoja akauliza tena, mweka hazina akamjibu. Wajumbe walikuwa wanajibizana wenyewe kwa wenyewe. Kikao kilikuwa na kelele zaidi ya changu, kilirudi nyuma mara mbili, kilichukua karibu saa 2. Binti alisahau kuuliza kama kuna anayepinga, akakumbushwa.

Wakaamua tofauti na nilivyotaka. Mimi nilitaka vichanja vyote vinane virekebishwe kabla ya giza kuingia. Wao wamesema viwili kwanza, tuone, na vingine vitasubiri hadi mauzo ya mwezi huu. Kwenye hivyo sita, katikati patakuwa panageuzwa kwa fito. Bado naamini wamekosea. Kila giza linalopita tunapoteza dagaa wa katikati. Nimeliandika hilo kwenye muhtasari, chini ya jina langu, mstari mmoja kama wengine.

Waliosema kinyume changu nimewaandikia mistari mitatu.

Sijui kama nitaweza kukaa chini ya mkeka kila mara. Kuna jambo la turubai za mvua ambalo naliona linakuja, na nina hamu nalo kama nilivyokuwa na hamu na vichanja. Vuli haiko mbali. Jana jioni nilipita kwa yule binti, nikamwachia daftari na kalamu mbili. Kwenye ukurasa wa ajenda nimeandika turubai, na pembeni yake nimeandika jina la kuanza naye, la mayu, halafu nikalifuta. Ataanza na atakayemtaka.